Kamba ya Nne kwenye Gitare ya Muzee

Nilipata gitare yangu ya kwanza siku niliyokwenda kutafuta pasi. Mwanamke mmoja wa shirika la misaada alikuwa anaondoka Bunia, na hapa kwetu watu wa mashirika wakimaliza mkataba wanauzisha vitu vyao mbele ya nyumba: friji, magodoro, sahani, viatu vya mvua. Mimi ni mushonaji, na pasi yangu ilikuwa imeungua. Nilipofika, pasi ya yule mama ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Juu ya kochi kulikuwa na gitare. Niliigusa kwa kidole kimoja tu, kama mtu anavyogusa kitambaa asichokuwa na nia ya kununua. Ikalia, na mimi nikasahau pasi. Nilirudi nayo nyumbani juu ya pikipiki, nimeikumbatia, na dereva akaniuliza kama ninamupelekea mtoto. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilidanganya.

Tangu siku ile gitare nyingi zimepita katika chumba changu cha kushonea. Sitaki mtu afikiri ni biashara. Ninanunua moja, ninakaa nayo miezi, ninaijua, kisha ninaiuzisha ili nipate nyingine ambayo bado siijui. Mara mbili niliuzisha kwa hasara na sikulia. Kucheza kwenyewe ninacheza kidogo, nyimbo za kanisa na vipande vya hapa na pale, maana vidole vyangu vimezoea sindano. Tena shule niliachia mwaka wa pili wa sekondari. Kwa hiyo haya ninayoyasema kuhusu gitare, mtu aliyesoma muziki anaweza kuyacheka, na atakuwa na haki.

Watu wananiuliza ipi nzuri, gitare kavu ama gitare ya umeme. Zamani nilikuwa ninajibu haraka: kavu. Gitare kavu iko na tumbo lake la mbao, haingoji jenereta, unaichukua tu na kucheza. Lakini nilikuwa ninaionea ile ya umeme. Nilipokaa na moja, nyekundu, iliyotoka Kampala, niliona kwamba shingo yake ni nyembamba na kamba zake ni laini, na mkono wangu haukuumia hata baada ya saa nzima. Tena haidanganyi: ukikosea, kosa lako linasikika mpaka barabarani. Ile kavu inakufichia makosa kidogo. Sasa nikiulizwa, ninajibu, unachezea wapi, na mkono wako uko namna gani? Watu hawapendi jibu hilo. Wanataka niseme moja.

Kwa sababu ya mambo hayo, sikio langu lilianza kusifiwa kuliko linavyostahili. Mtu akitaka kununua gitare, anapita kwangu. Ninaiinua mbele ya jicho kama ninavyoangalia pindo la suruali, kuona kama shingo imenyooka. Ninapiga kamba moja moja. Nasema ninachoona. Silipwi, ila mara moja mtu aliniletea ndizi.

Ndipo siku moja prezidenti wa korale, ile kwaya ya parokia, hapa Nyakasanza, akanitumia mtu. Korale ilikuwa na pesa ya gitare moja tu, na gitare zilizopatikana zilikuwa mbili. Wakataka nije nizilinganishe mbele ya kamati, ili baadaye mtu asiseme kulikuwa na upendeleo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika sale, ule ukumbi wa parokia. Gitare zote mbili zilikuwa zimelazwa juu ya benchi. Ya kwanza ilikuwa ya umeme, rangi ya bluu, na mwenyewe alikuwa mufanyabiashara wa vyombo vya muziki, kijana mwenye maneno mengi. Ya pili ilikuwa kavu, imezeeka, mbao yake imeng'aa pale mkono wa mwenyewe ulipokuwa ukiegemea. Mwenyewe alikuwa muzee aliyeendesha malori miaka mingi na ambaye, nilivyoambiwa, katika ujana wake alikuwa akicheza katika harusi. Alikuja na binti yake, mama wa umri kama wangu, na binti ndiye aliyeongea.

“Siye tunatafuta mabati, mama,” akaniambia. “Nyumba inavuja. Gitare haitukingi mvua.”

Muzee aliangalia gitare yake. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kofia juu ya goti.

Nilianza na ile ya umeme. Wakawasha jenereta nje, wakachomeka ampli. Ilikuwa na mngurumo kidogo, lakini ukigusa kamba mngurumo unapungua. Niliwaambia hivyo, na mufanyabiashara akakunja uso. Shingo ilikuwa safi. Sauti ilikuwa safi.

Kisha nikachukua ya muzee. Kamba ya kwanza nzuri. Ya pili, ya tatu, nzuri. Ya nne ikanishtua. Mahali pa kamba nene, ile iliyozungushiwa waya, palikuwa na kamba nyembamba kama ya kwanza, na sauti yake ilikuwa juu, kama mtoto aliyeingia katika mkutano wa wazee akaanza kupiga kelele. Nikaipiga tena. Nikainua gitare mbele ya jicho. Niliona shingo imepinda kidogo, ama nilidhani nimeona. Hata leo siwezi kuapa. Dirisha lilikuwa nyuma yangu na watu saba walikuwa wananingojea.

Nieleze kidogo, maana kosa langu lilianzia hapa. Katika mji wetu kamba za gitare si kitu cha kupata kila siku. Kamba ikikatika, mtu anaweka anayoipata. Nimeona gitare yenye waya wa breki ya kinga, yaani baiskeli, na ilikuwa inaimba. Tena nimeona watu ambao gitare yao iko na shingo dhaifu wakiondoa kamba nene, ili isivute sana. Kwa hiyo mimi, nikiona kitu cha ajabu kwenye gitare, kichwa changu kinasema mara moja: huyu alikosa. Sikujiuliza hata kidogo kama muzee alitaka iwe hivyo.

“Mama, unaona nini?” prezidenti akauliza.

Neno “sijui” lilikuwa mdomoni kabisa. Nililimeza.

“Shingo yake imechoka,” nikasema. “Angalieni hii kamba ya nne. Waliweka nyembamba ili isivute shingo. Gitare iko nzuri kwa nyumbani, lakini kwa kazi ya misa ya kila Siku ya Mungu haitafika mbali.”

Binti akageuka. “Baba, ni kweli?”

Muzee akaangalia kofia yake. “Mama ndiye anajua gitare,” akasema.

Wakanunua ile ya umeme. Binti alibeba gitare ya baba yake akatoka bila kuaga, na muzee akamfuata polepole. Mimi nilirudi nyumbani nimejaa kiburi kidogo, niseme ukweli. Kamati nzima ilikuwa imenisikiliza, na watu ambao wamesoma kuliko mimi waliandika maneno yangu katika kayé, lile daftari la kamati.

Kama mwezi mmoja ulipita. Nikaalikwa katika harusi ya mteja wangu, ambaye nilikuwa nimemshonea yeye na wasimamizi wake. Kulikuwa na orkestra ndogo, na mpiga gitare wao alikuwa mtu mzima mwenye miwani, gitare yake ya umeme, nyeusi. Alipopiga, nilisikia kitu nilichokuwa nimekisikia mahali fulani. Ilikuwa kama gitare mbili zinazungumza ndani ya moja. Walipopumzika kula, nilimkaribia kumpongeza, na macho yangu yakaanguka juu ya kamba zake. Ya nne ilikuwa nyembamba.

“Papa,” nikasema, “hii kamba ilikatika?”

Akaiangalia, akaniangalia mimi. “Ikatike ju ya nini?”

“Naona uliweka nyembamba.”

Akacheka mpaka akaweka sahani chini. “Mama, hii ni mi-composé! Siye watu wa zamani tunacheza vile. Unaondoa ya nne ile nene, unaweka ndogo, unaipandisha juu. Sikiliza.” Akapiga wimbo mmoja mfupi, kisha akaupiga tena bila kugusa kamba ya nne. Mara ya pili wimbo ulikuwa mkavu, kama mchuzi uliosahauliwa chumvi. “Unaona? Raha yote iko pale.”

“Na shingo?” nikauliza. “Haina shida ya shingo?”

“Shingo ya nani?”

Sikula keki. Nilikaa kwenye kiti changu nikihesabu siku tangu ile Jumamosi. Wazo moja tu lilinishika: kwa sababu ya mdomo wangu, gitare nzima ya mtu iliitwa mgonjwa mbele ya kamati. Kama alikuwa amekwisha kuiuzisha kwa bei ya kuni, kwa mtu wa migodi apitaye, sitaweza kuirudisha. Na mabati yao? Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo. Kila siku nilipokuwa ninasikia mvua juu ya nyumba yangu, kumbe nilikuwa ninasikia mvua ndani ya nyumba yao.

Sikujua wanakaa wapi. Kumuuliza prezidenti niliona haya. Nilijua tu kwamba binti anauza ndakala, wale samaki wadogo wa kukausha, sokoni. Nilizunguka soko asubuhi mbili. Siku ya pili nikamuona, na yeye akaniona kabla sijafungua mdomo.

“Eh! Kumbe ni weye!” akasema kwa sauti, na wauzaji wa pembeni wakageuka. “Muniangalilie huyu. Huyu ndiye daktari wa magitare. Alipima ya baba, akasema iko na shingo ya kufa.”

“Dada, nimekuja kwa sababu ya neno hilo hilo.”

“Neno lako lilinitembeza mji muzima! Nilibeba gitare juu ya kichwa kama kuni. Mutu mumoja wa kutoka Mongbwalu alitaka, mutu wa pesa kabisa. Akaniambia, hapana, nimesikia iko na shingo ya mubaya. Nikamuuliza, ulisikia wapi? Akasema, korale yote inajua.”

Mama wa karibu yake, mwuza mihogo, akasema, “Mwache aongee basi. Amekuja mwenyewe.”

Nikachuchumaa mbele ya meza. Nikamwambia yote, pale pale, mbele ya ndakala na mihogo: kwamba shingo sikuiona vizuri, kwamba kamba ile iliwekwa kwa kusudi, kwamba niliogopa kusema sijui. Nilimwuliza kama gitare imekwisha kwenda.

Akainama juu ya meza. Alikuwa anapanga samaki wake upya, ambao walikuwa wamekwisha kupangwa.

“Tuende,” akasema mwishowe. “Utasema hayo mbele ya baba. Miye siwezi kukubebea maneno yako.” Akamwachia mwuza mihogo meza yake.

Tulitembea hatuongei. Nyumba yao iko ndani, mbali na barabara kubwa, unapita kwenye uzio wa miyenzi, ile miti yenye utomvu mweupe. Kabla hatujafika nikasikia gitare. Ilikuwa ile sauti yenyewe, mbili ndani ya moja. Nikasimama nikashika uzio, na utomvu ukanishika mkononi. Haikuwa imeuzwa. Iko. Mtu anaipiga. Nilitaka kucheka na nilitaka kuketi chini.

“Nini tena?” binti akauliza.

“Hakuna. Naomba dakika moja.”

Kisha nikainua macho nikaona paa. Upande mmoja wa nyumba ulikuwa na mabati mapya, yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Upande mwingine ulikuwa bado na yale ya kutu.

“Likelemba yangu ilinifikia,” akasema, bila mimi kuuliza. Likelemba ni ule mchango wetu wa akina mama, kila mwezi mmoja anapokea. “Ile nusu nyingine itangojea. Lakini kwenye kitanda cha baba haivuji tena.”

Muzee alikuwa kwenye baraza. Aliponiona aliacha kupiga, akaweka mkono juu ya kamba zote kuzinyamazisha. Nilipiga magoti kumsalimu, na nikiwa chini hivyo hivyo nikaona ni afadhali niseme mara moja.

“Muzee, nilikukosea. Nilisema gitare yako iko na shingo mbaya. Si kweli. Ilikuwa mi-composé, na mimi sikujua. Nilikuhukumu kwa kitu nisichokijua.”

“Nilijua,” akasema.

“Ulijua nini, muzee?”

“Kwamba haujui.” Hakusema kwa ukali. Alikuwa anatabasamu, kwa upande mmoja wa mdomo. “Nilipoona unaangalia ya nne vile, nikasema ndani yangu, Bwana asifiwe, huyu mama haijui.”

Binti akaweka mikono kiunoni. “Baba!”

“Ee?”

“Ulijua iko muzima, ukanyamaza? Na miye natembeza gitare mu soko juu ya jua?”

“Walimwita yeye apime. Hawakuniita miye.”

“Lakini mimi nilikuuliza! Nilikuuliza mbele ya watu, baba, ni kweli?”

“Nilikujibu nini?”

“Ulisema mama ndiye anajua gitare.”

“Basi.”

Binti akapiga makofi mara moja, kama anafukuza kuku, akageuka tukaona mgongo wake tu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka, na alikuwa amekasirika pia, vyote pamoja. “Muzee huyu ataniua,” akasema. “Kweli ataniua.”

Nami nilicheka. Nilicheka kuliko inavyofaa mgeni kucheka, mpaka machozi, kwa sababu hofu yote niliyobeba tangu ile harusi ilikuwa inatoka kwa mlango mmoja. Muzee akanipa kiti. Akaniambia kwamba hakutaka kabisa kuiuzisha, lakini mwanawe ndiye anayemlisha, na mtu anayelishwa hawezi kukataa kila kitu. Alikuwa amekubali. Aliomba tu ndani yake kitokee kitu. “Ukatokea weye,” akasema.

Akanipa gitare niijaribu. Nikaiinua mbele ya jicho, safari hii mwanga ukiwa mbele yangu na bila mtu wa kuningojea. Shingo ilikuwa na mpindo mdogo sana, ule ambao gitare nzuri zote ziko nao ili kamba zisiguse vyuma vya shingoni. Hivyo labda niliona kweli kitu siku ile. Lakini niliona kitu kizuri nikakiita ugonjwa.

Nilipotaka kuaga, muzee akashusha sauti. “Sasa mama, mambo haya yaishie hapa. Ukienda kuwaambia watu wa korale, watakuya na makuta yao kuinunua.”

Hapo nikakwama tena. Korale walinunua kwa neno langu. Walikuwa na haki ya kujua kwamba neno lile halikuwa kweli, hata kama gitare ya bluu iko nzuri, na iko nzuri, siwezi kuisingizia. Lakini muzee naye alikuwa ameniomba. Na binti je? Yeye ndiye aliyebeba gitare juu ya kichwa. Nikaona si mimi wa kuamua. Nikamgeukia.

“Dada, wakijua iko nzima, wanaweza kuinunua. Nusu ya nyumba bado. Sema weye.”

Aliangalia mabati ya kutu. Akamwangalia baba yake, ambaye alikuwa amevaa kofia na kuivuta mpaka kwenye nyusi kama mtu asiyekuwepo.

“Likelemba itarudi,” akasema. “Waambie iko nzima. Miye pia sitaki mji useme baba yangu alitaka kuuzishia kanisa gitare ya kufa. Lakini waambie pia haiuzishwi.”

“Haiuzishwi,” muzee akarudia chini ya kofia.

Nilikwenda mazoezini siku iliyofuata, saa ya jioni wanapoanza. Korale wote walikuwa wamesimama kwa safu, wa sauti ya kwanza mbele. Nilimwambia prezidenti pembeni kwamba niko na neno la kusahihisha.

“Unataka kujisemea mubaya, mama?” akauliza. “Niambie tu miye, nitawaambia.”

“Neno la kwanza nililisema mbele ya watu,” nikasema.

Basi nikasimama mbele. Nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi, nikaikunja mkononi. Nikasema tu. Kwamba gitare ya muzee iko na shingo nzuri. Kwamba kamba ya nne ni namna ya kucheza ya watu wa zamani. Kwamba sikujua, na nilisema kama mtu anayejua. Kwamba haiuzishwi. Kwamba kama mtu yeyote aliyesikia neno langu la kwanza alilipeleka nje, namuomba alipeleke na hili la pili. Nikangojea. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila kitu: waniulize kwa nini niliwaacha waandike maneno yangu katika kayé, waseme hawataniita tena. Hata hilo la mwisho nilikuwa nimelikubali.

Nyuma, kijana wa korale anayepiga ile gitare ya bluu alikuwa anakaza kamba zake. Mtu mmoja alikohoa.

Kisha mama mmoja mnene wa sauti ya pili, aliyekuwa amesimama muda mrefu na viatu vyake mkononi, akasema, “Sawa, mama. Tumesikia. Ikala chini basi, tuimbe.”

Nikaketi.